Mkia wa Kitenzi

Umeme umerudi saa nne, printa inakohoa,
na Bi Mwanamvua ameketi kwenye kiti cha wateja
na bahasha ya khaki mapajani, haifungui, kaishika tu
kama mtu aliyebebeshwa yai la jirani.
Hapa Barabara ya Kumi na Mbili napiga chapa
mikataba ya vyumba, kadi za harusi,
ukurasa mia tano, wa Kiingereza elfu moja
kwa kuwa nakosea zaidi.

Barua ya kampuni ina mistari saba.
Namsomea kwa Kiswahili, polepole:
Marehemu Hiza Shekalage alianguka karibu na korona.
Mafao yameshuka. Bei ya mkonge haijapanda.

"Alianguka," anasema. "Peke yake?"
"Ndivyo walivyoandika."
"Na mafao yalishuka yenyewe? Yana miguu?"

Nakuna kichwa. Mwalimu wetu wa Usagara,
Mungu amrehemu, alitutesa kwa jambo hili:
lai ni kulala, lei ni kulaza,
raizi ni kupanda, reizi ni kupandisha,
na aliyechanganya alipiga deki.
Mimi nilipiga deki muhula mzima.
Sisi twaongeza herufi mbili tatu mkiani, mtendaji anajitokeza;
wao wanapinda irabu kidogo tu katikati
na mtu mzima anapotea humo.

Naandika neno lao la kuanguka, likiwa la jana: fel.
Masikioni mwa Tanga, huyo hakuanguka, amefeli.
"Hiza hakufeli kitu," anasema.
"Miaka kumi na tisa kwenye mashine ile.
Ubao wa kukanyagia umeoza, aliwaambia Rajabu,
akawaambia Shaabani.
Nataka neno lenye mtu ndani yake."

Nafungua kamusi, jalada lake limeshikwa na selotepu.
Lipo. Limekaa chini ya lile jingine
kama mdogo mtu aliyevaa kanzu ya kaka yake.
Kuangusha. Lakini kamusi inanionya:
la shoka hilo, la msituni.
Namwambia ukweli: Bibi, wenyewe hulitumia kwa mti.
Ananitazama. Nje muuza mkate wa ajemi
anapiga kengele ya baiskeli, mara tatu, anapita.
"Andika hilo hilo. Alikuwa mrefu."

Naandika. Chini yake: mafao yameshushwa.
"Na nani?" nauliza, vidole vikisubiri.
"Na nyinyi."

Mstari wa mwisho ndio ulionishinda.
Anataka wajue alipo: amelala Msambweni,
ubavuni mwa mama yake.
Lai, naandika, kisha natoa mkono kama niliyegusa pasi,
maana neno lao la kulala ndilo la kusema uongo,
herufi kwa herufi,
na karani wa huko atasoma: Hiza anadanganya, Msambweni.
"Basi amelazwa," anasema,
na yeye mwenyewe anasita,
kwa sababu amelazwa, kwetu, ni Bombo,
kuna uji wa kupeleka na saa za kumwona.

Tunanyamaza. Lugha zote mbili zimetukaba.
Printa inawaka taa ya kijani, inazima.

"Mimi makaburini sikufika," anasema, "mwanamke hafiki.
Walikwenda wanangu na wanaume wa Barabara ya Tisa.
Lakini andika tulimlaza."

Lei, ikiwa ya jana. Hapo sikukosea.

Karatasi inatoka ya moto. Haisomi;
anapitisha kidole juu ya wino
kama anayetafuta kijiwe kwenye mchele.
"Sisi ni ipi hapa?"
Namwonyesha: herufi mbili tu,
zimetangulia kitenzi.