Jiwe la Thembo

Alinipa jiwe lake ndani ya karatasi ya daftari,
ukurasa wa hesabu za mtoto:
saba mara nane, imekosewa.
"Ndilo hili," akasema. "Dogo, eh?
Usiku ule nilidhani Rwenzori yote imo tumboni."

Miaka kumi na tisa anavuna chumvi Katwe,
amezama hadi kiunoni katika ziwa lisilonyweka.
Viganja vimepasuka kama udongo wa Februari.
Maji matamu huja na bodaboda, dumu kwa dumu, kwa bei,
basi hunywa jioni, akikumbuka.

Hapa Kasese kazi yangu si jiwe.
Jiwe ni bubu.
Mimi nahoji damu.
Naizungusha mashineni hadi iachane,
wekundu chini, juu maji ya rangi ya asali changa,
na humo zimo protini, wambea wa mwili:
figo likikwaruzwa, ini hupata habari
kabla mwenye figo hajakunja uso.

Umeme umekatika mara mbili. Jenereta linakohoa.
Chupa arobaini na nne, namba tupu,
majina yamefungiwa kabatini,
ila thelathini na moja namjua.
Protini yake imepanda kama bei ya sukari.

Kundi la wasio na mawe lilipungukiwa mtu mmoja.
Nikakunja mkono wa koti, Biira akanitoboa,
tukacheka: damu ya kujazia hesabu.
Arobaini na nne.

Nimeipima. Nimeosha vyombo, nimeipima tena.
Nimebadili dawa, nimelaumu jenereta.
Mara ya tatu inasimama pale pale,
bega kwa bega na thelathini na moja.

Nilizaliwa Katwe. Mama alinibeba mgongoni
akikwangua chumvi, jasho lake likinidondokea mdomoni.
Sijawahi kuumwa kiuno.
Au nimewahi, nikakuita kuchoka.

Simu inalia. Ni Thembo.
Hataki majibu, anataka jiwe lake:
Kabugho, mkewe, haamini hadi leo
kwamba kitu kama punje ya mtama
kilimgaragaza mume sakafuni siku nne.
"Usilitupe, daktari."
Mimi si daktari. Namwambia lipo.

Nalifunga tena ndani ya saba mara nane,
nasahihisha kwa kalamu: hamsini na sita.
Kisha natafuta maji.