Miaka Mitatu ya Kapend

Swali la kwanza: umri.
Tulikuwa kibarazani kwake, Katuba,
vumbi jekundu likitua kwenye chai.
"Kwa karatasi, sitini," akasema Kapend.
"Kwa mama yangu, hamsini na saba."

Fomu yangu haina mahali pa mama.

Alikuwa na miaka kumi na mitano
karani wa kampuni alipomtazama miguu
akamwambia: rudi ukikua.
Alirudi siku ya tatu, amekua,
amevaa koti la mjomba,
mkononi cheti kinachosema
"amezaliwa karibu na mwaka" fulani.
Karibu: neno pana kama lango la karakana.
Akapita.

Ndivyo alivyokopa miaka mitatu.
Aliilipa kwa bega, kwa sikio la kushoto,
kwa zamu za usiku tanuri likitema shaba
na anga la Lubumbashi likiwa na rangi ya kidonda.
Alidhani deni limekwisha.
Mwezi wa tano ikaja barua:
umefikisha sitini, tunakushukuru,
rudisha helmeti.

Swali la tisa: je, mfanyakazi mwenye umri mkubwa
hujifunza mitambo mipya?
Chagua moja hadi tano.

Hakuchagua. Alivua ndara,
akabandika unyayo kwenye saruji.
"Pampu namba nne niliijua kwa hapa.
Beringi ikianza kuchoka, kisigino kinawasha
siku mbili kabla kompyuta haijapiga kelele.
Yule kijana Mwilambwe ana diploma,
si mjinga, ananisikiliza.
Ila buti zake nene mno.
Namwambia vua, anacheka.
Usiku ananipigia simu."

Anakulipa?

"Ananitumia uniti. Za dakika kumi."

Niliandika: hana kazi. Nikakata.
Niliandika: ana kazi. Nikakata hiyo pia.
Profesa ametuonya kuhusu mikwaruzo:
mashine huisoma kama nafasi tupu.

Mama Musau alitoka na bukari na tomsoni,
akaweka sahani juu ya makaratasi yangu
kana kwamba hakuyaona.
"Andika hivi," akasema.
"Saa kumi alfajiri anaamka, anavaa overoli,
anakaa kitandani mpaka kuche.
Barua ilikuja kwake yeye.
Usingizi wake hawakuuandikia."

Sikuwa na kisanduku cha hilo.
Niliandika pembeni, kwa penseli,
herufi ndogo, kama mtu anayeiba.

Swali la mwisho: una lolote la kuongeza?

Kapend aliinama, akachambua mwiba wa samaki
taratibu, kama anayefungua skrubu yenye kutu.
"Niliongeza mara moja tu," akasema.
"Mitatu. Sirudii."

Tukacheka, Mama Musau hakucheka.
Kisha simu ikatetemeka juu ya meza,
vijiko vikalia ndani ya vikombe,
naye akasimama, peku,
kabla hajatazama ni nani.