Punguza Mwendo

Tuliikuta nyuma ya banda la kukatia kondoo manyoya,
chini ya turubai lililochanwa na upepo wa milimani,
juu ya trela yenye gurudumu moja zima
na jingine linaloomba radhi.
Noeline alilivuta turubai taratibu, kama anayemfunua mgonjwa.
"Merv aliinunua mwaka niliojifungua pacha," akasema.
"Mimi nilikuwa nimeomba mashine ya kufulia."

Alumini tupu, futi kumi na nne, mbavu zimebonyea.
Haina pangaboi mkiani; ina pampu tumboni.
Huunywa mto kwa chini, huutema kwa nyuma,
na huko kutema ndiko kwenda kwake.

Shemeji yangu Tamati aliigonga kwa kidole kilichokunjwa,
akatega sikio kama anayechagua tikiti maji.
"Rahisi ni ghali," akaninong'oneza.
Noeline alisikia. Akapunguza dola mia tatu,
akaongeza kasia moja na bati la biskuti.

Majira yote ya baridi gereji ilinuka petroli.
Ndani ya kichujio cha hewa panya walikuwa wamelea wana
kwa sufi waliyoiba kwenye kiti cha nahodha.
Beringi zililia hata kwa kuzungushwa na mkono.
Na ile feni ya pampu, ee, kibogoyo:
miaka thelathini ya kutafuna changarawe za Rakaia!
Nilimjazia meno, moja moja, kwa moto na tupa,
nikilala saa nane, nikiamka na weusi kwenye kucha
ambao sabuni iliukubali tu kama jirani.

Mwezi wa nane nikang'oa sakafu.
Chini yake, kwenye mshono wa kitako,
kiraka: ribiti arobaini, lami pembeni,
rangi ya manjano, herufi nyeusi, kichwa chini.
Nikainamisha shingo kusoma.
PUNGUZA MWENDO.

Nikampigia Noeline. Akacheka mpaka akakohoa.
"Kibao cha daraja la shule! Kumbe ni yeye.
Tuliwashuku vijana wa kina Prattley mwaka mzima,
na mwenyekiti wa kamati ya uchunguzi
alikuwa Merv."
Kisha simu ikanyamaza kidogo.
"Msikitoe," akasema.

Tamati alitaka kukikata; chuma cha wizi kina nuksi.
Tukachomelea bamba jipya kwa nje,
kibao tukakiacha ndani, kikiangalia juu, gizani.

Rakaia si mto wa njia moja. Umesukwa:
nyuzi kumi za samawati iliyochanganyika na majivu
zinateremka kutoka kwenye theluji,
na kila gharika huzifumua, husuka upya,
kwa hiyo ramani ya jana ni hadithi.
Maji mengine yana kina cha kiganja.
Mashua hii huyapita ikiwa mbio tu,
imeinua tumbo, imeshika pumzi.
Tulilelewa kwa haraka haraka haina baraka;
hapa baraka yote imo kwenye haraka,
na mwenda pole, ambaye kwingine hajikwai,
hapa hukwama.

Nilijua hayo. Nilikuwa nimeyasema kwa sauti
tulipokuwa tukiishusha majini, Noeline katikati,
ndani ya koti la Merv lenye mikono mirefu kuliko yake.
Lakini mawe yalipojitokeza mbele, meupe, karibu,
mkono wangu ulirudi nyuma wenyewe.
Injini ikashusha sauti. Tumbo likashuka nayo.
Krrraa.

Halafu mto peke yake, ukituzunguka bila kutuuliza.

Noeline aliigonga sakafu kwa kisigino.
"Umekitii kibao," akasema,
akafungua bati la biskuti.

Tukashuka sisi wawili, theluji ya jana hadi magotini,
Tamati akilaani kwa Kimaori, mimi kimya, tukisukuma.
Yeye hakuinuka.
Alikuwa ameinama, kiganja kimetandazwa juu ya sakafu,
kama anayesikiliza kama bado kuna moto.