Ombi la Kufuata Nyuki

Mashini yangu haina R.
Ilidondoka mwaka ule wa mvua ya mawe, nikaitafuta
chini ya meza, mferejini, hadi kwa mafundi saa wa Nyawera,
nikachoka. Sasa kila R naiandika kwa kalamu ya buluu,
na makarani wa Bukavu wananijua kwa hilo:
"Hii imetoka kwa Mama Nabintu. Tazama ilivyochomwa sindano."

Cirhuza alikuja Jumanne, matope ya Miti magotini,
kofia ameikumbatia kama kuku wa kuuza.
Nyuki wake wamehama.
Mzinga wa tatu, ule wa karibu na kibao cha hifadhi,
ulichemka asubuhi, ukamwagika hewani,
ukavuka kibao bila kukisoma.
Aliwaona wakining'inia kwenye mti wa ng'ambo,
ndevu nyeusi zinazopumua,
hatua arobaini, labda hamsini.

"Hatua hamsini," nikamwambia, "ni kurasa nne."

Jina. Jina la baba. Namba ya kadi ya uchaguzi.
Aina ya shughuli: utafiti, utalii, picha za sinema, nyinginezo.
Nyinginezo, nikapiga. Eleza.
"Kuwaita," akasema.
Kuwaita si shughuli, Cirhuza, hawataielewa.
Tukakubaliana: kukusanya mali iliyopotea.
Idadi ya mali?
Akatazama juu, midomo ikihesabu.
"Andika: wengi."
Vifaa: kikapu kimoja, jani la mgomba, moshi kidogo.
Muda: mpaka wakubali.

Wahenga walisema fuata nyuki ule asali.
Hawakutaja nakala tatu na picha mbili za pasipoti,
franka za muhuri, franka za anayelinda muhuri,
wala kwamba mkuu yuko safarini mpaka Ijumaa
na Ijumaa yenyewe haina mwezi.

Naomba uhusa, yasema karatasi kabla sijashika kalamu.
R yangu naiweka mbele, peke yake,
kama mtu anayepiga hodi nyumba ya wakubwa.

Jibu likaja wiki ya kumi na moja.
Nilimsomea mara mbili, maana mara ya kwanza
lori lilikuwa linapita.
Imekubaliwa. Mtu mmoja. Siku moja.
Pasipo moto, pasipo moshi,
pasipo kukata, kubeba wala kugusa.
Na siku waliyompa ilikuwa Jumatatu iliyopita.

Nikangoja atukane; watu hutukana mezani kwangu,
nimezoea, hata sitozi.
Yeye alifuta meza kwa kiganja, hapo palipokuwa safi.
"Ule mti ni mtupu siku nyingi," akasema. "Wameingia ndani zaidi.
Ila maharage yangu yametoa maua.
Asubuhi wanavuka kibao, wanakuja kula kwangu,
jioni wanarudi kwao na mizigo.
Mama Nabintu, una karatasi?
Piga nyingine. Itoke kwao, ije kwangu."

Nikapiga.
Kwa Bwana Cirhuza, Miti.
Sisi Hifadhi tunakuomba uhusa ya kuingia shambani mwako.
Aina ya shughuli: nyinginezo.
Idadi: wengi.
Vifaa: hatuna.
Muda: mpaka maua yaishe.

Nikanyoosha mkono kuchukua kalamu, akawa ameishika.
Yeye huandika jina lake tu, si zaidi,
lakini jina lake lina R katikati.
Aliichora polepole, ulimi nje, imeinama mbele
kama mtu aliyebeba kuni.
Kisha akabonyeza dole gumba kwenye utepe wa mashini,
akaligandamiza chini ya karatasi kwa nguvu,
meza ikalia.

"Imekubaliwa," akasema.

Nikamuuliza, kwa mazoea tu, kama anataka nakala.
"Tatu," akasema.