Chenji

Sogea dirishani, kijana wa Makambako,
mulika vizuri, tochi ya simu yako inaona kuliko mimi.
Gitaa la kifua kilichotuna haliuzwi gizani.
Yale manne ukutani usiyaulize.
Nauza hili.

Hapa, chini ya shingo, pana ufa.
Halikuanguka. Ilikuwa Julai,
Loleza imejifunika ukungu wiki nzima,
nikaliegemeza karibu na jiko la mkaa. Kosa langu.
Rangi ilikuwa ya asali, pembeni inaingia weusi
kama kiazi kilichochomwa upande mmoja.
Pameshapauka pale mkono ulipokuwa unalala,
mkono usio wangu.
Jina la kiwanda limekwanguka, zimebaki herufi tatu,
na kila fundi wa Mwanjelwa ana tafsiri yake.
Sumaku ya mbele huunguruma mvua ikikaribia;
ya nyuma nzima. Kikazio kimoja cha nyuzi
nilikichonga mwenyewe, kutoka kwenye kijiko.
Matundu yale mawili, yamepinda kama kulabu za buchani,
chungulia: ndani kuna punje ya hindi.
Usilitikise. Wamejaribu wengi.

Unauliza nililipata wapi.
Wenzako huuliza bei.

Mwenyewe alikuwa Anyosisye Mwakibete.
Alipanda nalo treni Kapiri,
amelifunga blanketi kama mtoto mwenye surua.
Tulipiga pamoja Iyunga, ukumbi wa watu wa reli,
yeye solo, mimi ridhimu,
na wachezaji hawakujua kama nipo.
Nilimhusudu. Liandike na hilo kwenye risiti.

Ukaja mwaka wa foleni na unga wa njano.
Alifika saa ya kuwasha taa, gitaa begani.
Hakusema nauza. Alisema, "Liangalie kidogo."
Kwetu mtu haombi;
huweka kitu mbele yako, akanyamaza.
Nilikuwa na magunia matatu ya shamba la Inyala.
Nikampimia madebe mawili,
nikayapangusa kwa fito, sawasawa na mdomo,
wala sikumwachia kichuguu.
Punje zikamwagika, moja ikaingia humo.
Zilizobaki aliziokota sakafuni, moja moja,
mimi nimesimama, nimeshika gitaa.

Miaka arobaini sijalipiga mbele ya mtu.
Nalifuta vumbi. Nalitazama.
Anyosisye alikuja mara nyingi, tukala, tukacheka,
na kila mara alichagua kiti
kinachoupa mgongo ukuta huo.
Machi tumemzika kule Masoko,
mvua ya Rungwe ikijaza kaburi kuliko majembe.

Haya, piga.
Una vidole vya kwaya, vinaogopa kupanda shingoni.
Panda.
Panda tena.
Hapo.
Umeisikia? Ndiyo yenyewe, punje.

Milioni na laki mbili.
Laki tisa nenda kanunue redio.
Basi milioni na laki moja, na waya nakuachia.
Kasha hapana, lina mbegu ya maharage.
Utalibeba kwa blanketi, limezoea.

Zihesabu hapa mezani, mafungu mawili.
Hili langu, la bati.
Hili kesho napeleka Tukuyu, kwa Subilaga, mjane wake.
Atauliza ni hela ya nini,
na si mtu wa kudanganywa: alikuwepo,
ugali wa madebe yale aliusonga yeye,
alijua ulikwisha siku gani.
Tangu juzi naitafutia jina.
Mchango siyo. Rambirambi tulishatoa.
Labda nitaiweka mbele yake, ninyamaze.
Labda nitasema tu,
shemeji, chenji.