Gololi ya Ngara

Ilikaa nyuma ya duka la viatu la Hasmukh, Ngara,
kati ya friji ya soda na mlango wa choo:
miguu minne, mmoja umetiliwa karata
iliyokunjwa mara nne ili meza isimame sawa.
Si sawa kabisa. Baba alisema
meza iliyo sawa kabisa haina mchezo.

Musyimi, fundi wa pinboli, pengine wa pekee mjini,
hakujali waliochorwa kwenye kioo walikuwa nani,
mwanamke wa barafu, simba mwenye miwani, roketi.
Aliwajua kwa nyaya zao.
"Simba kapoteza jicho," angesema,
nami nikampa balbu kutoka mfuko wa sare ya shule.

Alipofunua kifuniko harufu ilipanda:
vumbi lililoungua, grisi,
jasho la vidole vya wauza vipuri wa barabara ya Kirinyaga.
Raba za kugongea zilipokatika alikata mpya
kutoka tyubu ya baiskeli. Ndiyo maana upande wa kulia
gololi iliruka kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa.

Kibawa cha kushoto kilikuwa kivivu
kuanzia saa kumi na mbili jioni,
mtaa mzima ukiwasha pasi na majiko.
Waliojua walicheza kwa kulia.
Na kwa nyonga. Hasa kwa nyonga:
msukumo mdogo, kama unavyomsogeza mtu foleni ya benki
asipate ushahidi.
Ukizidisha, taa nyekundu.
Vibawa vinakufia mikononi,
gololi inateremka mbele yako bila haraka,
na wote waliokuzunguka wanasema, "Aaah."

Mutinda, mwanangu, ana meza arobaini na mbili
ndani ya simu iliyopasuka kona.
"Mama, tazama, hizi hata zinachakaa."
Na kweli. Wamechora mikwaruzo. Wamechora vumbi.
Springi inalia kama springi.
Kuna mahali pa kuchagua mteremko,
nyuzi sita, nyuzi saba,
karata haina kazi.
Nikacheza. Sidanganyi: nilipata milioni mia tatu
na sikulipa hata shilingi.
Stima ikakatika Pangani yote.
Mchezo haukujua.

Kwa Hasmukh, stima ikipotea,
gololi haikusimama. Ilimaliza safari gizani
na wewe ukaisikia:
mbao, mbao, chuma, tundu.
Watu wazima walinyamaza kuisindikiza.
Halafu mmoja angecheka,
mwingine angedai shilingi yake.

Meza iliuzwa kwa kilo, pamoja na friji.
Sikuwepo. Baba alikuwepo, akasaidia kubeba.
Alibaki na gololi moja mfukoni, penye funguo;
ilimtoboa suruali tatu kabla haijawa yangu.

Basi usiku ule wa giza nikaitoa kwenye mkoba,
nikaiweka juu ya kioo cha simu,
juu ya ile nyingine iliyokuwa ikikimbia chini.
"Nzito," akasema Mutinda, ingawa hakuigusa,
ameisikia kwenye kiganja kilichoshika simu.
Zikafuatana kidogo, nadhani,
au nilitaka zifuatane.
Kisha yangu ikaupata mteremko wake,
ikavuka ukingo, ikagonga saruji,
mlio ule ule,
ikapotea chini ya kabati.

Akalisukuma kabati kwa nyonga.
Hakuna aliyemfundisha.

Sasa amelala kifudifudi, shavu sakafuni,
mchezo kauacha, kawasha tochi ya simu.
"Naiona," anasema. "Iko karibu na... ngoja.
Imesogea."