Swichi ya Presha

Tak. Kimya. Tak. Kimya.
Usiku wa tatu huu swichi inagonga ukutani
kama mtu mwenye kwikwi aliyenyimwa maji.
Munduru akifungua bomba, kukosha kikombe tu,
pampu kule shimoni, mita arobaini chini ya Mvara,
inaamka, inavuta, inalala,
inaamka tena kikombe hakijajaa.

Fundi Ezati alikuja Jumanne, miwani ya jua utosini.
Hakuinama. Alisimama mlangoni mwa kibanda:
"Mama, pampu imekufa. Milioni mbili na nusu,
unitangulizie nusu leo."
Nikamwambia: mfu hana kwikwi.

Miaka thelathini na moja nilipima presha za watu
wodi ya wanawake, hapa hapa Arua.
Nimeona wengi waliotangazwa wafu
na watu waliosimama mlangoni.

Basi nikakata umeme kwanza.
Umeme hauna shemeji, alikuwa akisema Andama,
aliyechimbisha kisima hiki kwa kiinua mgongo chake
akakinywa miezi minane tu.
Penseli yake ingali ukutani, juu ya geji:
30 — 50.
Ya chini, ya juu. Kama ya mgonjwa,
ila huyu ya chini ndiyo humwamsha
na ya juu ndiyo humlaza.

Nikafungua kifuniko cha swichi.
Sisimizi! Ukoo mzima, wameingia kutafuta joto,
wakakaangwa katikati ya vidole viwili vya shaba
kila vilipokutana.
Nikawafagia kwa mswaki mkuukuu,
nikasugua masizi kwa tupa ya kucha,
nikarudisha umeme, nimejaa majivuno.

Tak. Kimya. Tak.

Munduru akacheka hadi akakaa chini.

Nikazima. Nikaketi kwenye dumu, nikalitazama tangi,
lile la buluu, limevimba, halisemi kitu.
Nikaligonga kwa kifundo cha kidole
kama nilivyogonga migongo ya watu.
Chini: du.
Katikati: du.
Juu, ambako palipasa kulia kama debe tupu:
du.

Nikaijua sauti ile.
Pafu lililojaa maji.

Tukafungua bomba la chini, likamwaga, likamwaga,
mchicha wa jirani ukanywa bila kuomba.
Nikabonyeza kipini cha valvu kwa msumari:
hakuna tone, hakuna upepo.
Mpira wa ndani mzima, basi, ila umechoka,
umebanwa na maji miaka mingapi
bila mtu kuuliza unapumuaje.

Toko wa kuziba pancha akaja na pampu ya baiskeli
na kipimo chake kilichofungwa kwa uzi mwekundu.
Akasukuma. Akavua shati. Akasukuma.
Kumi na mbili. Kumi na tisa.
"Mama, hili ni tairi la lori?"
Ishirini na nane. Basi hapo,
mbili chini ya ile ya kuamkia,
Andama alinieleza siku moja nikiwa namenya mihogo
nikaitikia eeh, eeh, bila kusikia,
na kumbe masikio yalikuwa yanaweka akiba.

Umeme. Sindano ya geji ikapanda polepole,
haina haraka, kama mgeni anayeijua njia.
Arobaini. Arobaini na sita. Hamsini.
Tak.

Munduru akajaza kikombe. Akajaza sufuria.
Beseni likafika nusu, ndipo pampu ikaamka.

Jioni Ezati akapiga simu: "Mama, pampu nimeipata, nilete?"
Nikamwambia lete madumu, maji yapo.

Usiku sikulala.
Kimya kilikuwa kipana mno upande wake wa kitanda.
Saa tisa nikatoka na tochi na penseli,
na chini ya mwandiko wake nikaandika,
herufi zangu za kadi za wodi, zimeinama kulia:
upepo 28.
Halafu tarehe.
Halafu, kwa kuwa nafasi ilibaki,
nikagonga tangi mara moja, juu,
nisikie tena.